Karte kwenye bariere: je, abiria analazimika kuonyesha kitambulisho?



Katika mikutano yetu na kamati za wakimbizi wa ndani, swali hili linarudi karibu kila mara, hata siku ambayo tumekuja kuzungumza juu ya mashamba au mgawanyo wa chakula. Gari limesimamishwa kwenye bariere. Polisi amezungumza na dereva, halafu ameingiza kichwa dirishani na kusema: "Kila mtu atoe karte." Abiria amelipa nafasi yake, hajafanya kosa lolote, anaenda tu sokoni au kwenye mazishi ya shemeji yake. Je, analazimika kuonyesha kitambulisho? Na yule aliyekimbia usiku, nyumba ikaungua na karte ikiwa ndani, aonyeshe nini?

Tunaanza na jibu fupi kwa sababu wengi wanalingojea. Ndiyo, polisi aliye kazini anaweza kumwuliza abiria yeye ni nani, na ni vema abiria ajibu na kuonyesha karatasi aliyo nayo. Lakini kuonyesha karte si kulipa pesa. Tena, kukosa karte hakumwondolei Mkongomani haki ya kusafiri katika nchi yake. Mambo hayo matatu yanachanganywa kila siku barabarani. Katika mchanganyiko huo ndipo pesa za chumvi na sabuni zinapotoka mfukoni mwa watu, na wakati mwingine ndipo mtu anapoteremshwa garini na jamaa zake wakaanza kumtafuta.

Karatasi za gari na karatasi za mtu

Sheria ya barabara tunayotumia katika Kongo ni ile ya tarehe 30 Agosti 1978. Sheria hiyo inamwangalia kwanza dereva. Yeye ndiye anayepaswa kuwa na permi, karte ya gari, bima na karatasi nyingine za gari lake. Polisi wa roulage akisimamisha gari ili kuangalia mambo hayo, kazi yake ni kwa dereva na kwa mwenye gari. Abiria hana permi ya kuonyesha, na bima ya gari haimhusu isipokuwa siku ya ajali.

Tunasema hivyo kwa sababu mmetusimulia mara nyingi jinsi inavyokwenda. Dereva hana bima. Anashuka, anazungumza pembeni na polisi, anarudi akiwa amenuna. Konvoyeri anageuka na kusema: "Wapendwa, tuchange mia tano mia tano tupite." Na ili watu wachange upesi, karte za abiria zinaanza kuulizwa moja moja, na wale wasio na karte wanaambiwa washuke. Hapo kosa la dereva limehamishwa kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kwa maoni yetu, abiria ana haki ya kumwambia konvoyeri kwa upole: "Karatasi za gari ni zenu. Mimi nimekwisha kulipa nafasi yangu." Tunajua si rahisi kusema hivyo jua likiwa linazama na bariere nyingine mbili zikiwa mbele. Lakini sehemu ambako abiria wamezungumza na chama cha madereva kabla ya safari, michango hiyo imepungua.

Kuhusu malipo yenyewe, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 174 kwamba hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Ada ya barabara inayolipwa kwenye péage ni ya gari, na inatolewa risiti. Faini ya kweli nayo ina risiti. Pesa inayoombwa kwa sababu tu mtu hana karte, ikaingia mfukoni bila karatasi yoyote, haina jina katika sheria. Si jambo dogo: mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na mikono iliyosimamia bariere hizo ilikuwa mingi, ya serikali na ya makundi yenye silaha.

Karte gani inaulizwa?

Hapa tukae kidogo, kwa maana ndipo fumbo lilipo. Polisi anauliza "karte ya utambulisho", lakini kwa miaka mingi sana serikali haikuwapa raia karte hiyo. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi ilifanyika mwaka 1984, wakati wa Zaire. Uandikishaji wa wapiga kura ulipoanza mwaka 2005, sheria ya tarehe 24 Desemba 2004 ilikuwa imekwisha kusema kwamba karte ya mpiga kura itashika kwa muda nafasi ya karte ya utambulisho. Muda huo umekuwa mrefu. Watu wameandikishwa tena kabla ya uchaguzi wa 2011, kisha kati ya 2016 na 2018, kisha tena kuanzia Desemba 2022 mpaka 2023. Tarehe 30 Juni 2023 karte mpya ya taifa ilizinduliwa Kinshasa, lakini haikufika katika mifuko ya watu wengi. Kwa hiyo raia wa kawaida, akiambiwa atoe karte, anatoa ile ya kupigia kura.

Sasa tazameni hali ya waliohama. Mwaka 2023, kwa sababu ya vita, watu wa Masisi, wa Rutshuru na wa Kwamouth huko Mai-Ndombe hawakuweza kuandikishwa kwao kama wengine, na uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukufanyika katika teritware hizo. Mtu aliyekimbia Rutshuru mwaka 2022 anaweza kuwa na karte ya zamani iliyofutika picha, au asiwe na kitu kabisa. Hakukataa kuandikishwa. Serikali ndiyo haikumfikia. Na askari anayesema, "Wewe huna karte, basi wewe ni adui," anamhesabia raia deni ambalo si lake.

Mtoto naye hana karte ya mpiga kura, wala hawezi kudaiwa. Anasafiri na mzazi au mlezi, na karatasi yake ni cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Wakimbizi waliotoka nchi nyingine, kama Warundi walio Lusenda huko Fizi, wao wanaonyesha karatasi yao ya mkimbizi inayotolewa na CNR, siyo karte ya Kongo. Tunawaomba sana wasikopeshwe karte ya jirani ili kupita bariere. Kukamatwa na karte yenye sura ya mtu mwingine ni kosa kubwa kuliko kukosa karte.

Nani anauliza, na mpaka wapi?

Kifungu cha 30 cha Katiba kinampa kila mtu aliye nchini haki ya kwenda na kurudi kwa uhuru, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Kifungu cha 182 kinawapa polisi wa taifa kazi ya kulinda usalama wa watu na mali zao. Vifungu hivi viwili vinakutana pale bariereni. Polisi anauliza kwa ajili ya usalama, abiria anajibu, safari inaendelea. Watu wa DGM wao kazi yao hasa ni wageni na mipaka. Mkongomani anayetoka kijiji kimoja kwenda kingine havuki mpaka wowote.

Askari jeshi ni jambo jingine. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, état de siège ilianza tarehe 6 Mei 2021, na amri za wakati huo ziliwapa wakubwa wa jeshi uwezo wa kukataza watu au magari kupita mahali fulani na saa fulani. Katika hali kama hiyo uliza kwanza saa za kutembea kabla ya kupanda gari. Lakini hata état de siège haiondoi kila kitu. Kifungu cha 61 cha Katiba kinasema kuna haki zisizoweza kuguswa hata wakati huo: haki ya kuishi, katazo la mateso, haki ya kujitetea, na nyingine.

Ikiwa polisi hakuridhika na jibu lako, anaweza kutaka kuhakikisha wewe ni nani. Hapo kifungu cha 18 ni chako, na ni vema kila kiongozi wa site akijue kwa kichwa. Mtu akikamatwa lazima aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoelewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au na mtetezi wake. Hawezi kuwekwa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka wa sheria. Kifungu hicho hakisemi kwamba familia ilete pesa.

Jambo moja tunalikazia. Karte inaangaliwa, haiachwi. Mama mmoja anayeuza ndagala alitusimulia kwamba aliombwa franka elfu mbili, hakuwa nazo, polisi akabaki na karte yake "mpaka utakaporudi". Alirudi siku ya tatu. Polisi wa siku ile alikuwa amebadilishwa, na yule mpya hakujua habari za karte yoyote. Sasa anasafiri bila karte na analipa kwenye kila bariere, zaidi sana kuliko zile elfu mbili za kwanza. Kama karte yako inachukuliwa, omba kwa heshima jina la yule anayeichukua na biro ambapo itabaki, na abiria wawili wasikie. "Shefu, nisaidie, niifuate kwa nani?" Sentensi hiyo haigombani na mtu, na mara nyingi inatosha kuirudisha karte mkononi.

Na kwa kuwa tunasema wazi: wengine kati yetu wanaacha karte kwa mwenye duka kama rehani ya deni la unga. Tunaelewa njaa. Lakini mtu huyo hawezi kusafiri, hawezi kupokea pesa kwenye simu, na mwenye duka akihama, karte imehama naye.

Kama karte imepotea au imeungua

Karatasi inayohitajika inaitwa attestation de perte de pièces. Inaombwa kwenye biro ya komini. Walio mbali na mji waanzie kwa shefu wa lokalite au wa sheferi, awaandikie barua ya kuwatambulisha. Nenda na mashahidi wawili wanaokujua tangu kwenu, na kama una namba ya karte ya zamani, kopi yake au hata picha yake kwenye simu, kazi inakwenda mbio. Uliza pia kwenye biro ya CENI iliyo karibu kama wanatoa duplicata.

Wengi wametuambia kwamba walipofika bironi walijibiwa: "Rudi kwenu ulikotoka, huko ndiko karatasi yako inatolewa." Jibu hilo halifai. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wahamaji wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 20 kwamba serikali inapaswa kuwapa waliohama karatasi zao au kuwarudishia zilizopotea, bila masharti mazito kama kuwadai warudi kwanza mahali walipokuwa wakikaa. Kanuni hiyo hiyo inasema wanawake na wanaume wana haki sawa, na mwanamke apate karatasi kwa jina lake mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009 nao unazungumza juu ya karatasi za waliohama katika kifungu cha 13. Kiongozi wa kamati akienda bironi pamoja na watu wake, achukue maandishi hayo. Tumeona mkubwa wa biro akibadilisha sauti baada ya kusoma mistari miwili.

Tumetaja wanawake kwa makusudi. Katika familia nyingi baba ndiye anayetunza karte zote ndani ya mfuko mmoja. Siku ya kukimbia, baba anakimbilia upande mmoja na mama upande mwingine. Baba zetu, kila mtu mzima atembee na yake.

Jeton ya msaada si kitambulisho. Barua ya kamati ya site pia siyo karatasi ya serikali, ingawa inaweza kumsaidia polisi mwenye nia njema kukuamini. Tunashauri barua hiyo iandikwe jina, picha ikiwezekana, mahali unakotoka na unakokwenda, na namba ya simu ya rais wa kamati, ili polisi aweze kupiga pale pale.

Mstari wa asili

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Karte ya mpiga kura haionyeshi jina na picha tu. Inaonyesha pia majina ya baba na mama, na mahali pa asili ya mtu. Kwenye bariere nyingine macho ya anayekagua hayasimami kwenye picha. Yanashuka mpaka mstari ule. Halafu anasema: "Wewe, na wewe, shukeni." Wengine wote wanabaki garini, wakiangalia magoti yao.

Huo si ukaguzi wa kitambulisho tena. Kifungu cha 13 cha Katiba kinakataza Mkongomani kutendewa kwa ubaguzi kwa sababu ya asili ya familia yake, makao yake, kabila lake au lugha yake. Polisi anaweza kuuliza wewe ni nani, lakini asili iliyoandikwa kwenye karte si kosa na haiwezi kuwa sababu ya kukamatwa. Na sisi abiria tuna sehemu yetu. Kuna anayenong'ona, "Huyu si wa kwetu," na kuna anayecheka. Kuna pia gari moja ambalo habari zake tulizipata kutoka kwa abiria wa makabila matatu tofauti. Vijana wawili waliteremshwa, dereva akataka kuondoka, wazee wawili wakakataa. Walishuka pia, wakakaa kwenye mawe kando ya barabara, wakasema watangojea wote pamoja. Hawakupaza sauti, hawakutukana mtu. Walimwomba tu mkubwa wa bariere aje. Ilichukua muda wa saa mbili, vijana wakarudi garini.

Hatusemi kila gari lifanye hivyo. Mahali pengine bariere si ya polisi hata kidogo. Ni ya watu wenye silaha wasioifuata sheria ya nchi, au wanaotoza na kutoa karatasi zao wenyewe. Tangu mwanzo wa 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23, familia nyingi zimepita kwenye barabara zenye wakubwa tofauti kati ya asubuhi na jioni. Mbele ya bunduki ya namna hiyo usimsomee mtu vifungu. Jibu kwa ufupi, mikono ionekane, okoa maisha. Sheria ya vita, katika kifungu cha tatu kilicho sawa katika mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, inamlinda kila asiyeshika silaha, na haikuweka sharti la kuwa na karte mfukoni. Wenye silaha nao wanafungwa na kifungu hicho, hata kama hawakitii.

Baada ya bariere

Polisi na askari jeshi wa Kongo, kwa kifungu cha 156 cha Katiba, wanahukumiwa na mahakama za kijeshi. Kwa hiyo malalamiko juu ya polisi aliyechukua pesa au aliyempiga abiria yanapelekwa kwenye auditorat ya jeshi, au kwanza kwa mkubwa wake wa polisi. Tume ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, nayo inapokea malalamiko. Lakini mahali pote hapo utaulizwa mambo yale yale: siku gani, saa ngapi, bariere gani, kiasi gani cha pesa, nani aliona. Malalamiko mengi yanakufa kwa sababu mtu anakumbuka uchungu tu na amesahau tarehe.

Kamati moja tunayofanya nayo kazi imenunua daftari la kurasa mia moja. Kila anayerudi kutoka safarini anasimulia, na mwandishi wa kamati anaandika siku, bariere na kilichotokea, bila kuandika jina la msafiri. Baada ya miezi minne walikwenda kumwona mkubwa wa polisi wa pale wakiwa na daftari hilo. Aliomba alisome peke yake. Alikaa nalo usiku mmoja, akalirudisha asubuhi na kuwauliza ni bariere ipi wanataka aanze nayo.